Siku Magugu Yaliponifikisha Ukweni Bila Shati

Nasimulia haya nikiwa nimeshakubali kuchekwa, kwa sababu akina mama wote wanaoanika dagaa wa omena upande ule wa ziwa walishanicheka, na mbuzi wao wawili walisimama wakanitazama mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nyinyi mkicheka mtakuwa mmechelewa tu.

Ilikuwa mwaka ule wa korona, vyuo vimefungwa, nami nimerudi kwa mjomba wangu Oloo karibu na Homa Bay, na vitabu vyangu na domo langu. Mjomba ana mashua ndogo ya makasia, ya buluu, ambayo kabla ya ugonjwa ilikuwa ya watu wa kujistarehesha siku za Jumapili: walimu kutoka Rongo, vijana wa Awendo waliochoka kutazama miwa, wanapiga makasia wenyewe hadi kwenye mafunjo, wanaona ndege, wanakula samaki wa kukaanga, wanarudi mabega yanauma na roho zimetulia. Sasa wageni hakuna, mashua imepinduliwa ufuoni, na kila asubuhi mjomba anaipapasa ubavu kama ng'ombe mgonjwa.

Kamati ya ufuo ilikuwa imeruhusu mtu mmoja mmoja kuingia majini, mradi asitue kwenye ufuo wa watu wengine, asije akapeleka ugonjwa au akauleta.

"Ichukue, izungushe kidogo," mjomba akaniambia. "Lakini saa nne uwe umerudi. Saa nne upepo unageuka, unasukuma magugu maji huku nchi kavu, na magugu hayaulizi mtu digrii."

"Na nani aliwahi kupima kwamba ni saa nne?" nikamwuliza. (Mimi ndivyo nilivyo. Zahanati nilikuwa nimeuliza kwa nini tunawe mikono sekunde ishirini na si kumi na tisa, na muuguzi akaniambia nisogee, foleni ni ndefu.)

"Omera, ndugu yangu," mjomba akasema, "nimepima kwa mgongo."

Ningeenda nikaona ndege wangu nikarudi, haya yote yasingekuwapo. Lakini kulikuwa na Akinyi. Tulisoma pamoja chuoni, na kwao ni ng'ambo ya ghuba, kama nusu saa kwa makasia. Tulikuwa tumepanga wazee wangu wanipeleke kwao kunitambulisha, korona ikaja, mikusanyiko ikapigwa marufuku, nikakaa miezi mitano nikimwona kwenye simu tu. Na mama yake alikuwa bado hajanikubali. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mtu wa kubishana, akamwambia binti yake: "Siku akija nitamwona kwa macho yangu, ndipo nitasema ndiyo au hapana." Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinasubiri hiyo siku.

Sasa kwetu Waluo kijana haendi ukweni hivi hivi. Anaenda akiwa ameitwa, amevaa vizuri, amesindikizwa, haendi mikono mitupu. Na mama mkwe mnaheshimiana kwa mbali: hamshikani mikono, hamkai karibu, na kifua chako hakioni kabisa. Nilikuwa nimeshamwambia kila aliyetaka kunisikiliza kwamba hizo ni desturi za kutishana tu, na asubuhi ile nikajitungia hoja ambayo mpaka leo naiona nzuri: ziwa si boma la mtu. Nikipita majini mbele ya kwao, sijaenda kwao. Nikampigia simu.

"Simama ufuoni saa nne, nipite nikupungie mkono."

"Ouma, mama atakuwa hapo hapo ufuoni."

"Ataona mashua. Ziwani kuna mashua ngapi?"

"Wewe na maswali yako," akasema, akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza.

Nilifika, na kweli alikuwa amesimama pale na gauni la njano. Nikapunga mkono, akapunga. Hapo ndipo mtu mwenye akili angegeuza mashua. Mimi nikaona mkono hautoshi baada ya miezi mitano, nikasimama, nikavua shati, nikalipeperusha kama bendera, na upepo ukageuka, ukaninyang'anya lile shati ukaenda nalo (barakoa yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati). Nilitazama simu. Saa nne na dakika tano.

Kugeuka nyuma, naona kisiwa. Kisiwa kizima cha kijani chenye maua ya zambarau, ambacho dakika kumi zilizopita hakikuwapo, kinakuja kwangu bila haraka. Nikapiga kasia, kasia likachota majani. Nikapiga upande wa pili, majani. Nikashuka nisukume, nikazama kwenye matope hadi kiunoni, nikapanda tena nikiwa nusu mtu nusu udongo, na kaptula yangu ya zamani ya kuchezea mpira ikapasuka nyuma, pote. Basi nikakaa. Magugu yakanibeba polepole, kwa adabu, kama bibi harusi, moja kwa moja hadi kwenye ufuo wa kina Akinyi, mbele ya wanawake wanaoanika omena.

"Huyo amevuka kutoka Tanzania!" mmoja akapiga kelele.

"Mbona hana barakoa?"

"Mbona hana shati, anza na hapo!" Huyo alikuwa Mama Pamela, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufikia kata mbili.

Akatokea mama mmoja mwembamba amevaa kizibao cha wahudumu wa afya wa kujitolea, ameshika kipimajoto kile cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola. Nyuma yake Akinyi alikuwa ameweka mikono kichwani, kisha akakaa chini mchangani, na hapo nikajua mama huyu ni nani.

"Simama hapo hapo. Usikohoe." Akanielekezea. "Thelathini na nane na nusu!"

Wanawake wakarudi nyuma. Ningenyamaza. Jamani, ningenyamaza tu.

"Lakini mama," nikasema, "hicho kifaa kimekaa juani, na mimi nimekaa juani. Tumejuaje kwamba kinachopimwa ni homa na si jua?"

Mbuzi akatafuna.

"Unaitwa nani, wewe mwenye maswali?"

"Ouma."

"Ouma wa wapi?"

"Wa kwa Oloo. Mwenye mashua ya wageni."

Kipimajoto kikaangukia omena. Mama akageuka akanipa mgongo, akajifunika leso kichwani.

"Yawa," akasema kwa sauti ndogo. "Nimemwona mkwe kifua wazi."

Tangu hapo hakunisemesha tena. Alisema na Mama Pamela, na Mama Pamela, aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu, akasema nami.

"Mama Pamela, mwambie huyo mtu asimame nyuma ya mtumbwi ule."

"Umeambiwa usimame nyuma ya mtumbwi."

"Nimesikia."

"Anasema amesikia!"

"Mwulize kama ana kikohozi au kichwa kinamuuma."

Nikatikisa kichwa.

"Anasema hana," Mama Pamela akatangaza, "ila ana aibu, na kaptula imefunguka nyuma!"

Nikatupiwa leso nijifunge. Nikawekwa kivulini, na baada ya muda Mama Pamela akanipima tena: thelathini na sita na nusu. Yaani nilikuwa sahihi kuhusu jua. Hakuna aliyelisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hata mimi sikulisema. Nilikuwa natazama ule mgongo. Nilifikiri, basi ndiyo hivyo, amesema atanitazama kwa macho yake, ameshanitazama, na alichokiona ni hiki. Serikali ilikuwa inatuimbia kila siku tukae mbali mita moja na nusu, na mama huyu alikuwa amesimama hatua kumi, jinsi walivyosimama mama yake na bibi yake, na mimi ndiye niliyeita hiyo ujinga.

Kisha sahani ya ugali na samaki ikawekwa juu ya ule mtumbwi. Mama mwenyewe aliituma. Akaenda mbali zaidi ndipo nikala.

Akinyi ndiye aliyempigia mjomba simu. Mjomba alikuja kwa miguu akizunguka ghuba, amevaa koti lake la mazishi na gambuti, na kuku kwapani, kwa sababu hata kama unakwenda kuchukua mpwa wako mjinga na mashua yako, ukweni huingii mikono mitupu.

"Hodi," akasema kwa heshima zote, akanitazama na leso yangu ya maua. "Sisi tulikuwa tunapita tu."

Ufuo mzima ukaangua kicheko. Nikatazama ule mgongo, na mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Mwishowe akamwita Mama Pamela, wakanong'onezana kwa muda uliokuwa mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kukaa.

"Amesema hivi," Mama Pamela akatangaza. "Hakuona mtu. Ziara hii haihesabiki. Kuku atabaki. Mikusanyiko ikifunguliwa, mje kwa barabara, na huyo kijana aje na shati."

Tulienda mwaka uliofuata, kwa barabara, shati langu limefungwa vifungo hadi shingoni kwenye joto lile, na sikuuliza swali hata moja mpaka nikaulizwa kama naumwa. Akinyi ni mke wangu sasa. Hadi leo tukimpigia mama simu kwamba tunakuja, hanisalimu moja kwa moja, anamwambia binti yake: "Mwulize kama shati lipo."

Wageni wamerudi, na Jumapili mimi ndiye ninayewapeleka kuona ndege. Bado sijui nani alipima kwamba upepo hugeuka saa nne, na nimeapa sitapima tena. Saa tatu na nusu mashua imefungwa, na mimi nimevaa shati.