Kisamvu Chini ya Pikipiki ya Theluji

Mimi ni fundi wa magari, na nilikuwa fundi kabla sijawa mume wa mtu. Nalisema hilo mapema kwa sababu baba mkwe wangu, kila tukikaa na wageni, huwaambia kwamba ufundi nilijifunzia bustanini kwake Hayes, pembezoni mwa London. Uongo mtupu! Nilikuwa nimeajiriwa gereji moja kule Queensbury, nikilala chumba cha kupanga Kilburn, na magari mabovu ya Wazanzibari wa London yote yalipita mikononi mwangu. Bustanini kwake nilijifunza jambo jingine kabisa.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Nilikuwa nimempenda binti yake, mtoto wao wa pekee, na binti mwenyewe hakuwa amenikataa, basi nikamtuma ami yangu akapeleke posa. Ami akarudi na uso wa mtu aliyekwenda sokoni akakuta pamefungwa. Alisema mzee hakukubali wala hakukataa. Aliuliza tu, "Huyo kijana, kweli fundi?" Ami akajibu ndiyo, tena hodari. "Basi aje Jumapili," mzee akasema. "Nina mashine yangu inavuja maji. Ikiacha kuvuja, tutazungumza."

Nikaona huo mteremko. Nikachukua boksi langu la spana nikapanda basi, kichwa juu.

Kufika, shikamoo, marahaba, chai, kisha mzee akanipeleka nyuma ya nyumba akafunua turubai. Alaa! Chini ya turubai palikuwa na pikipiki ya theluji. Kwa asiyeijua, mbele haina gurudumu, ina miguu miwili mirefu ya kutelezea. Nyuma ina mkanda mpana wa raba, unazunguka kama wa kifaru cha vita. Wenye nchi za baridi huipanda kama sisi tulivyokuwa tukipanda vespa. Mzee alifanya kazi ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Mashine ilikuja na ndege, mwenyewe hakutokea kuichukua, ikapigwa mnada, na mzee wa Kipemba ambaye hata baiskeli hapandi akainunua.

"Baba," nikamuuliza kwa adabu zote, "London theluji iko wapi?"

"Itakuja," akasema.

Theluji ya London ikianguka asubuhi, adhuhuri imeshakuwa tope. Lakini mimi nilikwenda kuoa, sikwenda kubishana habari za hewa.

Injini yake hupozwa kwa maji, kama ya gari, yale maji ya kijani yasiyoganda. Chini yake mzee alikuwa ametandika kadibodi ya ghalani, na kadibodi ilikuwa na doa la kijani, kubwa kama sinia. Siku ile nikakuta mpira mmoja wa maji umepasuka, nikaubadilisha, nikajiona bwana harusi. Jumapili iliyofuata mzee akanipokea mlangoni, kadibodi mkononi. Doa! Alikuwa akiiwasha kila Jumamosi kuijaribu kazi yangu. Nikakuta klipu ya mpira ule mwingine imelegea, nikaikaza. Nikarudi tena, kadibodi tena. Safari hii pampu ya maji ndiyo iliyokuwa ikidondosha kupitia kitundu chake cha chini, na hiyo ni dalili kwamba sili ya ndani, ile raba inayozuia maji yasipite, imekwisha. Nikatia sili mpya. Kila nikimaliza kazi binti huja na chai mpaka mlango wa jikoni, hapiti hapo, akanicheka kwa Kiingereza. Huyo kazaliwa London. Kiswahili anakijua chote, ila alikuwa hakitoi mpaka akasirike.

Nikaja tena. Mzee mlangoni, kadibodi mkononi, doa bichi.

Hapo nilipandwa na hasira, wallahi, nikaiambia injini maneno ambayo mbele ya mkwe hayasemwi. Nikafunga pampu ya baiskeli yenye geji ya kupimia upepo kwenye mdomo wa tangi la maji, nikalijaza upepo, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, maana penye tundu povu hupumua. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi mshale wa geji ulikuwa palepale na hakuna povu lililopumua. Injini nzima haina tundu! Lakini ukiiwasha na kuiacha ingurume kidogo tu, kichupa cha maji ya akiba kinachemka kama birika, kinatapika kijani juu ya kadibodi.

"Bado," mzee akasema. Na sikuisikia huzuni yoyote katika sauti ile.

Nikasema labda rejeta, pale maji ya moto yanapokwenda kupoa, imeziba. Nikaitafuta rejeta mbele, ubavuni, nyuma, kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni kwa msikiti siku ya Iddi. Hakuna rejeta. Feni pia hakuna. Sasa yale maji ya moto yanakwenda kupoa wapi? Nikaufuata mpira kwa kidole mpaka chini ya kiti, na pale, juu ya ule mkanda wa raba, nikagusa bati pana lenye mifereji ndani yake. Lilikuwa la moto, likaniunguza. Nikakaa kwenye majani nikacheka peke yangu mpaka mzee akaniuliza kama ni mzima. Mashine ile haina rejeta kwa sababu rejeta yake ni theluji. Mkanda ukizunguka unairusha theluji kwenye lile bati, maji yanapoa. Sisi tulikuwa tunaiwasha juu ya majani makavu ya Hayes, katikati ya kiangazi. Ilikuwa imeacha kuvuja tangu nilipotia ile sili. Sasa ilikuwa inachemka tu.

Nikamweleza mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Hayo ni maneno," akasema. "Mimi nataka kuona kwa macho."

"Baba, theluji nitaitoa wapi leo?"

Mama yake binti alikuwa dirishani mwa jikoni, kasikia yote, na nadhani alishachoka na mashine, na mimi, na mumewe. "Theluji sina," akasema. "Friza ninayo."

Friza ya mama wa Kizanzibari London si kitu cha mchezo. Yalitoka mafurushi ya kisamvu kigumu kama tofali, nazi za kukunwa pakiti kwa pakiti, nguru wa vipande na mihogo iliyomenywa. Tukavipachika vyote juu ya mkanda, vikagusa lile bati. Nikawasha. Ikinguruma taratibu, bila ya kupiga resi, yaani kuizidishia mafuta, mkanda huwa hauzunguki. Ikanguruma, ikanguruma, kichupa kimetulia kimya. Tulisubiri mpaka mzee mwenyewe akachoka kuinama. Hata tone halikutoka.

Furaha ikampanda mzee. Akaminya kidude cha mafuta pale kwenye usukani.

"Baba, usi—"

Lo! Mkanda ukazunguka. Kisamvu kikapiga ukuta, mihogo ikapita kichwani kwangu, na pakiti ya nazi ikapasuka hewani. Nusu ikanimwagikia mimi niliyekuwa nimechutama nyuma, nusu ikavuka ua. Jirani, bibi mmoja wa Kiingereza, akachungulia, nywele zake zimejaa nazi.

"Samahani," akasema kwa upole, "nadhani theluji yenu imeangukia kwangu."

Vilivyobaki vilikuwa vimeshaanza kuyeyuka, na mama akakataa katakata kuvirudisha kwenye friza. Vitapikwa vyote leo, akasema, na akashika simu akawaita wanawake wa Kizanzibari wa mitaa ile waje kusaidia kula. Mimi nikasukumwa bafuni. Nguo zangu zilikuwa mafuta na nazi, basi nikapewa kanzu ya mzee na kofia yake.

Sasa wafikirie wale akina mama wanavyoingia. Masinia ya wali yamepangwa, kisamvu cha nazi, nguru wa kukaanga, na mimi katikati ya ukumbi, kanzu nyeupe, nimeoga, sijui mikono niiweke wapi. Mmoja akanitazama, akamtazama binti kule jikoni, akapiga kigelegele. Wengine wakapokea. "Hongereni! Mbona mmetuficha?"

Mzee mdomo wazi. Wote wakamgeukia yeye aseme neno. Mbele ya watu wale akisema hapana, imekwisha, siwezi kurudi tena.

Mzee akatoka kwenda bustanini, akarudi na kadibodi. Ilikuwa na doa.

"Inavuja," akasema.

Binti akatoka jikoni na mwiko wake, akamnyang'anya baba yake kadibodi, akainusa. "Baba!" akasema, na kwa Kiswahili, kwa hivyo nikajua kakasirika kweli. "Hii nguru! Nusa mwenyewe! Unataka nizeekee hapa?"

Mzee akanusa. Akanusa tena, polepole, kama mtu anayetafuta kasoro ambayo hataki kuikosa. "Nguru," akakiri. Kisha akanitazama na ile kanzu yake. "Haya. Tumekubali." Vigelegele vile huyo bibi jirani bila shaka alivisikia.

Magharibi mzee alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Tulisimama mpaka basi likaonekana kule mwisho wa barabara.

"Sasa mashine imepona," akasema.

"Alhamdulillahi, baba."

"Basi Jumapili hutokuwa na haja ya kuja." Alikuwa akitazama basi, hanitazami mimi.

Nilikuwa nimeifungua pampu ile ya maji kwa mikono yangu na haikuwa na neno lolote. "Ile pampu bado siiamini, baba," nikamwambia. "Jumapili nitakuja kuitazama."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema basi nisichelewe, ataweka kadibodi mpya.