Ukuta wa Pamba na Chungu cha Mama Mkwe

Bujiku alikuwa fundi mwashi asiyependa kukosolewa, na watu wa Shinyanga walimvumilia kwa sababu kuta zake zilisimama wima. Akishika timazi kupima wima wa ukuta, usimsemeshe. Ukimsemesha, atakujibu kesho.

Mwaka 1953 kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilimpa kazi ya ukuta kati ya ghala la pamba na chumba cha petroli. Sharti lilikuwa moja: moto ukiwaka upande wa petroli, ukuta uuzuie kwa muda wa saa nne, pamba ya upande wa pili isiungue. Msimamizi, Bwana Donatus, alikuwa mtu wa Bukoba aliyesomea ujenzi. Unene wa ukuta aliusoma kwenye kitabu chake, na hapo hakukosea. Alikosea kwenye kokoto za zege. Aliagiza lori zima la mawe meupe yaliyotupwa na wachimba dhahabu huko Geita, magumu, yanayong'aa juani.

Bujiku alipoyaona, aliokota moja akaligeuza mkononi. Aliyajua vizuri sana.

Miaka kumi na minne nyuma, alipokuwa kibarua wa machimbo, alibeba matatu kama hayo hadi nyumbani yawe mafiga ya mke wake mpya, Mbuke. Alitaka wageni waone kwamba bwana harusi ametoka mbali. Waliona kweli! Ugali ukiwa jikoni, figa moja lilipasuka kwa kishindo, chungu kikaanguka na kuvunjika. Chungu chenyewe kilifinyangwa na mama yake Mbuke, mfinyanzi aliyesifika hadi Bugarama. Bujiku, kwa aibu, akatamka mbele za watu kwamba chungu kilichomwa vibaya. Maneno hayo yalimfikia mama mkwe kabla jua halijazama. Tangu siku hiyo hakumpelekea binti yake chungu kingine.

Mbuke hakubishana. Aliyatupa yale meupe, akaenda kuokota mawe meusi mwenyewe, na kila jiwe aliliweka kwanza motoni bila chungu, akalingoja, ndipo akaliamini. Bujiku aliona, akaelewa, wala hakuyafuta maneno yake. Hapo ndipo ubishi wake ulipomfikisha: kosa lilikuwa lake, naye akamwachia mama wa watu alibebe.

"Mawe haya yatapasuka, Bwana Donatus," alisema sasa.

"Umejuaje, fundi? Umesomea wapi?"

Bujiku akatupa jicho pembeni. Kati ya vibarua waliosimama pale alikuwamo Maduhu, kaka yake Mbuke. Kujibu kulikuwa kueleza habari ya chungu.

"Tujenge vipande viwili vya ukuta tuvichome," alisema. "Kimoja kwa mawe yako, kimoja kwa kokoto nitakazotafuta mimi."

"Na chako kikishindwa?"

"Nirudi kubeba karai."

Vibarua wakaguna. Fundi mkuu kurudi kubeba karai za zege, tena akiwa na watoto watano! Lakini neno lilikwisha toka. Bujiku akakusanya matofali ya kuchoma yaliyovunjika, akayaponda yakawa kokoto. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: tofali limeshatoka tanuruni, moto si mgeni kwake. Vipande viwili vikajengwa kwa unene uleule, vikaachwa mwezi mzima vikauke.

Siku ya kuvichoma, nyuma ya kila kipande kilining'inizwa kishada cha pamba. Magogo ya mgunga yakawashwa asubuhi. Hata nusu saa haijatimia, kipande cha mawe meupe kilianza kulia, pa! pa!, kikirusha vigae, vibarua wakatimua mbio. Zege likafumuka, na pamba ya nyuma ikawaka.

Cha Bujiku kikabaki. Moto ulipoingia saa ya tatu, ufa mwembamba ulijitokeza pembeni, na fundi akahisi karai kichwani. Hakula, hakuketi. Ufa haukuongezeka. Muda ulipotimia, Donatus alizunguka nyuma, akachomoa pamba, akaigusisha shavuni. Ilikuwa nyeupe, yenye uvuguvugu tu.

Donatus akacheka kwa furaha, maana alikuwa mtu wa haki, akampa mkono. "Umenishinda, fundi; ukuta tutajenga kwa kokoto zako. Sasa niambie, nani alikufundisha?"

Angeweza kusema ni kazi, na wote wangeamini. Bujiku alimtazama Maduhu.

"Mafiga ya mke wangu," alisema. "Mawe yangu ndiyo yaliyovunja chungu cha mama. Nikamsingizia kwamba hajui kuchoma. Anajua. Mimi ndiye sikujua mawe."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Maduhu peke yake hakucheka. "Nitamwambia, shemeji," alisema, akaendelea na kazi.

Wiki iliyofuata Bujiku alirudi nyumbani mchana akamkuta Mbuke uani, amepakata chungu kipya, chekundu, kikubwa. Maduhu alikuwa amekileta.

"Baba Generosa," Mbuke alisema, akijikaza asicheke, "mama anauliza, safari hii mafiga amechagua nani?"

"Mwambie ni wewe."

"Basi amesema, kama ni mimi, nikitumie."

Akakiweka juu ya yale mawe meusi, akamimina maji. Bujiku akachuchumaa mwenyewe, akachochea kuni.