Moshi wa Mama Shedrack

Monika aliingia kwenye kamati ya mazingira ya mtaa wao, pale Malangali, kwa sababu ya sauti yake. Mwenyekiti Baltazari alisema wazi mkutanoni: kipaza sauti kimekufa, na huyu mama akimwita mwanawe Shedrack jioni, watu wa mtaa wa mbali wa Izia nao huitika. Mikono ikanyooshwa, wakapiga makofi, basi.

Mwenyewe alidhani kazi ya kamati ni kufagia. Alikuwa mpika kimpumu, ile pombe ya ulezi inayoongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija. Uani kwake sufuria la maji halikuepuliwa tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Baridi ya Sumbawanga haina huruma, na pombe ikipoa mteja huanza kulalamikia na mambo mengine.

Siku ya mafunzo, ofisa mmoja kijana aitwaye Edith alieleza jinsi miti ya milima ya Mbizi inavyotunza maji, na jinsi vijito vinavyokauka ikikatwa. Kisha akauliza, "Hapa mtaani, nani anachoma kuni nyingi kuliko wote?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Monika. Hata Zita, jirani yake aliyeimba naye kwaya, aligeuka.

"Jamani, mnanitazama nini?" alifoka.

Ilimuuma. Wiki hiyo hiyo yeye na Zita walichimba udongo wa kichuguu, wakauchanganya na majani makavu yaliyokatwakatwa, wakajenga jiko banifu kama walivyofundishwa. Lilipokauka, vijiti vichache vilitosha kuchemsha sufuria zima, na moshi wake ulikuwa mwembamba kama wa sigara. Monika alilizunguka jiko lile akicheka peke yake.

Wateja hawakucheka. Mzee Loth, mnywaji mkongwe kuliko wote pale uani, alivuta mrija mara moja, akautoa mdomoni na kuuchungulia.

"Mama Shedrack, hii pombe imepikwa hospitali?"

"Ulezi ni ule ule, baba."

"Haina moshi. Pombe isiyo na moshi ni uji."

Masalu, mfugaji wa Kisukuma aliyependa kumtania mzee yule, naye alionja akatikisa kichwa. "Safari hii mzee wangu amesema kweli. Inakosa kitu." Jioni hiyo wakahamia kwa Epifania, mtaa wa pili, ambako macho yalikuwa yakiwachuruzika machozi ya moshi kama kawaida.

Monika alikesha akifikiri. Kesho yake alijenga jiko jingine banifu nyuma ya nyumba, na lilipokauka akavunja lile la uani, huku mbele, akarudisha mafiga yake matatu. Juu yake akateleka sufuria tupu, na chini akatia magunzi mabichi kidogo, yasiwake, yafuke tu. Moshi ukatanda. Habari zikamfikia Loth kabla ya mchana.

"Eeeh!" alisema mzee akikohoa kwa furaha. "Sasa hii ndiyo kimpumu. Uliniogopesha, mwanangu."

Mambo yakaenda vizuri mpaka asubuhi moja Edith alipokuja bila taarifa, ameongozana na akina mama kutoka Namanyere waliotaka kuona mtaa wa mfano. Walikuta uani haonekani mtu, kunasikika kikohozi tu.

Monika aliponyanyua macho na kumwona Edith, alishika ndoo akamwagia mafiga maji. Moshi ukapanda maradufu, ukawafunika wageni wote.

"Mama Shedrack!" Edith aliita kutoka ndani ya wingu lile. "Na wewe, mjumbe wa kamati?"

"Mwache, binti!" Loth alisimama, mrija bado mkononi. "Moshi huu ndio ladha yenyewe. Sisi tulionja ile pombe ya mafunzo yenu, ikatushinda!"

Monika aliona hana pa kutokea. Akawaongoza wote nyuma ya nyumba, na pale palikuwa na jiko likiunguruma taratibu, vijiti vimeegemezwa pembeni, Zita anakoroga. Edith alichungulia jikoni, akarudi kuchungulia sufuria tupu uani, akaziba mdomo kwa kanga asicheke.

Loth ndiye aliyechelewa kuelewa. "Subiri. Kwa hiyo sisi huku mbele tunafukizwa kama nyuki?"

Masalu alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. "Mzee wangu, tumelewa kwa macho!"

"Mimi nilijua," Loth alisema kwa heshima kubwa. "Nilinyamaza ili nisimwaibishe mtoto wa watu."

Hakuna aliyemwamini, ila akina mama wa Namanyere walimpigia vigelegele, na aibu ya mzee ikapungua. Walimbana Monika kwa maswali hadi mchana: udongo kiasi gani, mlango upana gani, mvua ikinyesha je. Aliwajibu wote kwa mara moja bila kipaza sauti.

Jenifa, mke wa Loth, alizipata habari hizo sokoni, naye akataka jiko kama lile. Jumamosi iliyofuata mzee alionekana amekunja suruali hadi magotini, anakanyaga udongo wa kichuguu nyumbani kwake, huku Monika amesimama kando yake akimfokea kwamba ameacha mawe.

"Nimekosa nini mimi?" aliuliza Loth.

"Hujakosa kitu, baba. Kanyaga."