Nyasi za Golini, Ijumbi

Kufikia Ijumaa mchana ujumbe wa tahadhari ulikuwa umezunguka kwenye simu zote: Jumamosi, upepo mkali na mvua kubwa kutoka ziwani. Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi alasiri, timu yetu ya wasichana ya Ijumbi ilikuwa inaikaribisha Kemondo, na golikipa wetu ni binti yangu. Kanuni ya ligi yetu ni fupi: uwanja usipochezeka, mwenyeji anapoteza pointi zote tatu. Tukizipoteza hizo, kwetu mashindano yangekuwa yameishia hapo.

Mwenyekiti wa timu, mwalimu mstaafu, alitaka mechi ichezwe saa tatu asubuhi, kabla dhoruba haijafika. Mimi, katibu wake, nilikataa.

"Mwalimu, saa tatu ndipo itakuwa inatumwagikia."

"Nani kakwambia?"

"Daftari."

Mimi niliishia darasa la saba. Lakini kwa miaka kumi na sita nimepima mvua kila siku kwa kopo la maziwa na rula ya shule, nikaandika imeanza saa ngapi na imekatika saa ngapi. Vitabu vya jiografia nilivyonunua vikuukuu Bukoba mjini vilinieleza sababu: usiku mawingu hukua juu ya maji, na upepo wa mashariki huyaleta kwetu alfajiri. Mvua zetu kubwa za ziwani huja kabla ya jua, na mara nyingi adhuhuri zimekwisha. Nilimfungulia kurasa. Alivaa miwani akazisoma kama anayesahihisha mtihani.

"Haya, saa kumi ibaki. Ukikosea, nitasema ni wewe."

"Sema."

Jioni hiyo nikafanya kosa. Niliagiza golini patandazwe nyasi nene, kama tunavyotandaza kibanjani chini ya migomba, ili matone yasichimbe udongo. Hakuna aliyepinga. Sote ni wakulima.

Dhoruba ilifika saa kumi na moja alfajiri. Iliangusha migomba yangu mitatu na kung'oa bati moja la jikoni. Saa tano ilikatika. Kopo lilikuwa na milimita thelathini na nne. Jua likatoka, upepo ukabaki, na kufikia saa saba katikati ya uwanja palikuwa pamekauka vizuri.

Golini hapakukauka. Binti yangu alisukuma nyasi kwa mguu, maji yakachuruzika kati ya vidole.

"Tata," akaniita, kama tunavyomwita baba kwetu, "hapa unataka nidake mpira au nipande mgomba?"

Wenzake walicheka hadi wakashika magoti. Alikuwa na haki. Nyasi hutunza unyevu. Ndiyo sababu nazitandaza kibanjani kila mwaka.

"Kosa ni langu," nikasema. "Toeni zote, magoli yote mawili."

Tulizikokota kwa reki, majembe na mikono. Mwalimu alikunja suruali hadi magotini, akabeba mafungu pamoja nasi hadi nyuma ya magoli. Chini ya nyasi udongo ulikuwa mzima, haukuchimbika hata kidogo, ila ulikuwa umelowa. Tukauachia jua.

Saa tisa na nusu wageni wakashuka kwenye gari lao, wakayaona yale mafungu ya nyasi.

"Ijumbi, hapo golini mmetuandalia malalo ya ng'ombe?"

"Karibuni," binti yangu akawajibu, "mtalala nyinyi."

Mwamuzi alikwenda goli la kwanza, akainua mpira usawa wa kichwa, akauachia. Ulidunda hadi gotini. Akavuka uwanja mzima, taratibu, hadi goli la pili. Mwalimu alisimama kando yangu akiwa ameshika mkono wangu, nadhani bila kujua. Mpira ulianguka, ukadunda.

"Tunacheza," mwamuzi akasema.

Tulipata bao moja kipindi cha pili. Dakika za mwisho Kemondo walipiga shuti la chini, kona ya kulia, pale pale palipokuwa na nyasi nyingi kuliko kwingine. Binti yangu aliruka kwa mguu uliokanyaga udongo mkavu, akaudaka mpira, akainuka na doa moja la tope kifuani.

"Tata, andika!" alipiga kelele, mpira ukiwa juu ya kichwa chake.

Daftari lilikuwa mkononi. Niliandika saa, milimita, na neno "nyasi" lenye mstari chini yake. Kisha nikaandika kwamba amedaka.