Marehemu Hakuacha Mjane

Mimi kukaa kimya siwezi, hata kanisani mguu unacheza. Ndiyo maana kazi ya kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza hapa Ilongero ilinifaa. Picha inakimbia kwenye runinga, sauti yake naipunguza, nasimama pembeni na kipaza sauti, Mzungu akifungua mdomo tu namjazia Kiswahili. Watu wananiita DJ. Na kwa kuwa nina sauti, misiba yote ya jirani huwa naombwa nitangaze ratiba. Wa mjomba wangu pia niliutangaza mimi.

Mjomba ndiye aliyenilea, yeye na rafiki yake. Mama alifariki nikiwa natambaa, mjomba akanichukua, na nyumbani kwake tayari kulikuwa na mwanamume wa Mitundu aliyekuja kuuza mizinga ya nyuki akasahau kurudi kwao. Huyo nilimwita baba mdogo. Shuleni mwalimu aliniuliza naishi na nani, nikasema naishi na mjomba na baba mdogo. Akakuna kichwa. Ndugu wa mama na ndugu wa baba, nyumba moja, wazazi wenyewe hawapo, inakuwaje? Nikamwambia ndivyo ilivyo. Mtaani watu walisema ni ndugu, wakaishia hapo, maana asali yao ilikuwa safi na hawakuwa na ugomvi na mtu.

Sasa makaburini kwetu, mtangazaji huita watu kwa zamu waje kuweka udongo. Kwanza mwenza wa marehemu, halafu watoto, ndugu wa tumbo moja, ukoo, na mwisho kabisa majirani na marafiki. Nilipofika kwenye mstari wa kwanza wa ratiba nilimwona baba mdogo amesimama kule kwenye ua wa minyaa, kofia mkononi, ananitazama. Wazee wa ukoo nao wananitazama. Nikasema, "Marehemu hakuacha mjane," nikaruka mstari. Baba mdogo alikuja kuweka udongo na majirani, nyuma ya mwenye duka la mbolea.

Wiki tatu hakugusa mizinga. Halafu akaniambia kwamba Jumatatu anapanda basi kurudi Mitundu, ambako hana hata wa kumfungulia mlango. Nilipomuuliza sababu alisema hapa yeye ni jirani, na jirani huhama. Jamani, nilitaka kumshika miguu abaki. Badala yake nilipandisha hasira, nikamwambia kama ni kwenda basi aende, nikabamiza mlango. Ndivyo nilivyo, na sijivunii. Nilizunguka uwanja mzima nikiokota vijiti visivyo na kazi.

Jumapili, kabla hajaondoka, mwenye kibanda alileta komedi mpya kutoka mjini. Niliiangalia haraka asubuhi. Wanaume wawili, wapenzi, wanaishi zao kwa raha, mara dada wa mmoja anawaachia mtoto mchanga mlangoni na kupotea. Nikaamua palepale kwamba watakuwa ndugu. Ningesema nini kingine? Watu wanatoka ibadani moja kwa moja, mzee wa kanisa anakaa benchi la pili na wajukuu wake. Nina akili zangu.

Mchana kibanda kimejaa, filamu imeanza, baba mdogo huyo akaingia na kukaa benchi la mbele. Hajawahi kukanyaga mle. Kwenye runinga wale wawili walikuwa wanapigana na nepi, mmoja ameivaa kichwani, na mimi nawaita kaka na mdogo mtu. Ukumbi hoi. Baba mdogo alitazama tu mpaka yule mfupi alipomfunga mtoto kifuani kwa shuka la kitanda akaenda naye dukani, watu wakimshangaa. Hapo akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia, kwa sababu yeye alinibeba mgongoni kwa khanga mpaka mnadani Mtinko, na wanaume wenzake walimcheka mwaka mzima.

Kisha akaingia afisa wa ustawi na jalada lake, amekuja kumchukua mtoto. Akawauliza wao kwa wao ni nani. Yule mrefu akamshika mwenzake mkono, akaanza kujibu. Mdomo wake ukawa unacheza na mimi sina neno. Nyuma wakaanza kupiga kelele, DJ vipi, umelala? Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Ananisubiri nimruke tena, nikajua.

Nikasema, "Huyu si ndugu yangu. Ni mwenza wangu, na mtoto ni wetu."

Mama mmoja akasonya. Mzee wa kanisa akanyanyuka, akawashika wajukuu mikono, akatoka. Mwenye kibanda alininyooshea kidole kwamba tutaonana. Nilitafsiri mpaka mwisho, wala sikumbuki iliishaje.

Baba mdogo alikuwa ananisubiri nje. Nikamwamkia kana kwamba hatukuonana asubuhi. Shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Lile neno ulilompa Mzungu, mimi uliniruka nalo kwa nini?"

Nilisema niliogopa, kwa sababu ndiyo kweli, nikamwomba radhi, halafu nikamwambia twende. Tukatembea hadi makaburini, jua bado linachoma. Sikumweleza kitu. Mwenyewe alikwenda kusimama palepale kwenye minyaa, akavua kofia. Mimi nikasimama upande wa kichwa cha kaburi, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza maishani mguu ukatulia.

"Tunamwomba mwenza wa marehemu aje kuweka udongo."

Alikuja taratibu. Akaokota udongo, akauvunjavunja kwa vidole kwa muda mrefu, akauweka. Nililia, yeye hakulia. Alipomaliza alivaa kofia, akaniuliza kama nyuki wamepewa maji.

Nikasema hapana, hakuna aliyewapa.

"Wiki tatu, mwanangu," akasema, akatangulia njia ya nyumbani.