Binti wa Msusi katika Daftari la Kijiji

Dada yangu alizaliwa upande upi wa mpaka? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeota mvi, na sijui. Mama naye hajui. Alikwenda Kibondo kuuza mikeka, miaka ile kambi za wakimbizi wa Burundi zimejaa, na barabarani mwanamke mgonjwa akampa mtoto mchanga amshikie, akanywe maji. Hakurudi. Mama alingoja hadi soko likatawanyika, kisha akambeba mtoto mgongoni hadi kwetu Nyakitonto.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mhadhiri alitugawia nakala za sensa za Uskoti, za enzi za Malkia Viktoria. Mimi niliangukia kaya ya mfumaji: mkuu wa kaya, mkewe, watoto watano, mama mkwe; kwa kila mmoja umri, kazi na mahali alipozaliwa. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi. Niliuona huo kuwa uaminifu mkamilifu. Haikunijia akilini kwamba karani wa kule naye huenda alibuni.

Likizo hiyo kijiji kilinipa kazi ya kuandika upya daftari la wakazi. Nyumbani nilianza na mama: mkuu wa kaya, msusi wa mikeka. Nikamfikia dada, wakati huo mtoto wa miaka saba, akichambua ukindu wa kusukia.

"Amezaliwa wapi?"

"Andika hapa," mama alisema, macho kwenye ukili aliokuwa akiusuka.

"Hapa hakuzaliwa, mama."

"Msomi, nikiuza mkeka, mnunuzi huniuliza ukindu ulikatwa bonde lipi?"

"Daftari linauliza."

"Basi na lisubiri."

Sikulisubirisha. Niliandika Burundi, kwa wino, kwa mwandiko niliojivunia.

Mwaka huu dada aliomba kitambulisho cha taifa. Ofisini Kasulu walilifungua daftari, wakamwambia si raia. Alete ushahidi Ijumaa, la sivyo ataingizwa kwenye orodha ya wanaorejeshwa Burundi. Mama sasa haoni. Dada ndiye anayesuka, ndiye anayemlisha na kumwogesha. Alhamisi alasiri tulikaa uani sisi watatu.

"Nitaapa nilimzaa," mama alisema.

"Watakuuliza kliniki gani, mama," dada akamjibu, kisha akanigeukia. "Kaka, aliyeandika ni wewe. Waambie ulikosea."

"Huenda sikukosea."

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Basi kawaambie hilo. Au usomi haukubali?"

Mimi ni mwalimu, mtumishi wa serikali. Kukiri kwamba nilijaza rekodi kwa kubuni kungeweza kuninyima kazi. Na kibaya zaidi, kusingethibitisha lolote. Nikifuta Burundi, haibaki Tanzania. Inabaki nafasi tupu, na mtu hapewi uraia kwa nafasi tupu. Nilitafuta njia nyingine hadi jua likazama, sikuiona. Nikamwambia dada aandae nguo za safari ya mjini.

Asubuhi mimi na dada tulipanda bodaboda moja, tukawahi kabla ofisi haijafunguliwa. Niliomba karatasi, nikaandika kwamba mahali pa kuzaliwa pa dada yangu nilipajaza mimi, bila kujua na bila kuambiwa na mtu.

Afisa alisoma mara mbili. "Mwalimu, unafahamu kwamba hapa unakiri kosa? Na kwamba hii haimfanyi huyu kuwa raia?"

"Nafahamu."

Akanisogezea kalamu, nikatia saini.