Jogoo wa Utepe wa Kijani

Nilipelekwa Ngara kwa sababu mwenzangu Bonifasi alikula utafiti.

Sitanii. Mimi na yeye ni mafundi wa maabara huko Mwanza, na kazi yetu ilihusu kideri, ule ugonjwa wa virusi unaomaliza kuku wa banda zima kabla mwenye kuku hajajua aanze kumlilia nani. Kirusi hicho huingia kwa macho, pua na koo. Mkuu wetu, mama mmoja asiyecheka siku za kazi, alitaka kujua mambo mawili. Je, tone la chanjo likidondoshwa jichoni mwa kuku linaweka mlinzi pale pale mlangoni, kwenye koo? Na je, maji ya mubirizi, majani machungu ambayo watu wa Ngara wamewanywesha kuku wao tangu enzi za mababu, yanaweka mlinzi au yanaleta uchungu tu?

Kuku wa tone walifungwa utepe wa bluu mguuni, na wa mubirizi utepe wa kijani. Wenyeji waliahidi kutochanganya: wa bluu asinyweshwe majani, wa kijani asitiwe tone. Baada ya wiki kadhaa Bonifasi akatumwa kufuta makoo ya kuku kwa vijiti vya pamba.

Alirudi amenawiri mashavu, na boksi la barafu likiwa jepesi. Kila nyumba aliyofika walimchinjia jogoo, kama mgeni anavyostahili, na jogoo aliyekuwa karibu ndiye aliyekuwa na utepe, akachinjwa kabla hajafutwa koo.

"Ningekataaje?" alijitetea. "Firigisi ilikuwa imeshawekwa mbele yangu."

Mkuu akanigeukia mimi. "Huko zamani mwanamke hakupewa kuku. Nenda wewe. Wa kijani amebaki mmoja tu, jogoo wa Bibi Anastazia wa Murusagamba. Bila huyo hatuna la kusema juu ya mubirizi. Usirudi mikono mitupu."

Saa kumi na mbili asubuhi basi letu liliondoka Mwanza, nami nimepakata boksi langu kama mtoto mchanga. Kabla ya Geita jirani yangu aliniuliza kama nauza soda baridi. Nikamjibu kwamba ndani mna vijiti vya kufutia makoo ya kuku wenye virusi. Alihama kiti bila kuaga, nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Mchana nilikuwa Biharamulo, nyumbani kwa Mzee Hamisi, mkulima wa mihogo aliyekuwa na kuku wawili wa bluu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Hao kuku wako nimewafungia ndani tangu jana. Wamenitukana usiku kucha."

Mimi si daktari, lakini ukishuka na boksi jeupe Biharamulo utake usitake utakuwa daktari. Nilifuta makoo mawili, nikaweka vijiti kwenye barafu, na nilipoinua kichwa mzee alikuwa ameshika kisu na anamwangalia yule jogoo mwenye utepe, ambaye tungemhitaji tena.

"Mzee, mimi sili kuku!"

Uongo ule ulitoka wenyewe. Kusema kweli, mbele ya kuku mimi huacha hata simu iite mpaka ichoke. Lakini ulifanya kazi. Mzee Hamisi alirudisha kisu kwa masikitiko, akaagiza wali na maharage, akaniambia Bonifasi alikula wawili na akaomba mchuzi wa kufungasha.

Kesho yake asubuhi nilifika Kasulo kwa Mama Devota, mwanamke mchangamfu mwenye kuku watatu wa bluu na mikono isiyotulia. Nilimaliza kazi, naye akaanza kuchemsha maji ya kunyonyolea. Nikauvuta uongo wangu wa jana, maana sasa ulikuwa umezoea njia.

"Huli kuku?" Aliacha kuchochea moto. "Umekatazwa?"

"Ndiyo," nilisema, ili tusirefushe maneno.

"Na nani?"

"Nyumbani."

Alitikisa kichwa, akaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa, kisha akaenda nyuma ya nyumba kupiga simu. Nilidhani anatafuta maharage. Kesho yake ndipo nilipojua kwamba Bibi Anastazia wa Murusagamba ni shangazi yake.

Jioni nililala gesti moja ya Nyamiaga, nikabadilisha barafu, na mvua ikaanza kupiga bati. Nilimpigia Bibi Anastazia kumwambia nitakuwa kwake saa nne asubuhi, nikamwomba amfungie jogoo.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," alisema. "Jogoo nitamshughulikia mwenyewe."

Nililala usingizi mzito kabisa.

Saa moja asubuhi nilipanda pikipiki ya bwana wa makamo aitwaye Juvenali, mtu mpole aliyekuwa akiiombea barabara kila tulipofika kwenye mteremko. Maombi yalisaidia nusu. Tope lilituangusha mara moja kwenye shamba la mtu, nikaanguka nimekumbatia boksi, na Juvenali akanipa pole huku akiangalia kwanza pikipiki. Tulisukuma zaidi kuliko tulivyopanda. Kufikia saa tisa alasiri ndipo migomba ya Murusagamba ilipoonekana, nami nina tope mpaka masikioni na mafua yameshaanza.

Pamoja na mafua, harufu niliisikia. Harufu ya supu.

Bibi Anastazia alitoka kunipokea, mama mrefu, mkavu, aliyevaa kitenge kipya. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, na yeye amelima hapo maisha yake yote. Nyuma yake, kwenye mwimo wa mlango wa jiko, palifungwa utepe wa kijani, umeoshwa ukaoshwa tena, umefungwa fundo zuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Utepe wenu nimewatunzia."

"Jogoo yuko wapi?"

"Ameiva."

Niliketi chini pale pale, juu ya boksi. Hasira na kilio viligombana kifuani, na kwa aibu nasema kilio kilishinda. Safari yote ile, vijiti vyote vile, na jogoo mmoja tu niliyemfuata alikuwa anatokota na chumvi.

"Bibi, nilikwambia umfungie! Tena mimi sili kuku!"

"Ego," aliitikia kwa Kirundi, "ndiyo maana!" Akaketi mbele yangu akanishika mikono. "Devota alinieleza. Mimi nilipokuwa msichana, baba na kaka zangu walikula kuku mbele yetu. Sisi tulinyonyoa, tulipika, tukaambiwa mwanamke akila atapata aibu. Siku nilipoolewa niliapa kwamba kwangu hakuna mwanamke atakayetoka bila kuonja. Nikasikia kuna msichana msomi, wa zama hizi, anakatazwa bado! Nimelia. Ndipo nikasema, huyu nitampa jogoo ninayempenda kuliko wote."

Nilikuwa nimemuua jogoo mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilitaka kukasirika na mtu mwingine lakini hakuwepo. Hapo ndipo akili ilipozinduka: sisi tunafuta koo, na koo liko juu.

"Kichwa! Bibi, kichwa kiko wapi?"

"Kichwa cha nini tena? Nyama iko huku."

"Umekipika?"

"Kiko nyuma, kwenye jani. Amechinjwa sasa hivi tu, nilingoja nisikie pikipiki ikipanda kilima."

Pikipiki yetu ilikuwa imekipanda kilima kile kwa saa nzima. Nilikimbia. Kichwa cha jogoo kilikuwa kwenye jani la mgomba, na mbwa alikuwa ameketi mbele yake kwa adabu, anangoja ruhusa. Nilipiga kelele ambayo hata mama yangu hajawahi kunisikia nikiipiga. Mbwa akarudi nyuma, majirani wakaja mbele.

Nilipiga magoti kwenye tope, nikafungua mdomo wa marehemu, nikaingiza kijiti.

"Anamfanya nini?" mmoja aliuliza.

"Anamswakisha," Juvenali alijibu kwa sauti ya mtu aliyesomea mambo hayo.

Nilifuta mara tatu, nikafunga vijiti, nikaviandika, nikavizika kwenye barafu. Kisha nikaitwa mezani.

Nilipewa firigisi, kipande cha baba mwenye nyumba, na wanawake wa jirani wakasimama mlangoni kushuhudia. Nilikula. Nilikula paja, nikaongeza mchuzi, nikaongeza ndizi. Bibi Anastazia alipiga vigelegele akiamini amenifungua minyororo, nami nikainamisha uso kwenye bakuli kwa sababu nilishindwa kumwambia ukweli. Baada ya chakula alinipa kikombe cha mubirizi kwa ajili ya mafua. Uchungu wake ulinifanya niyasahau mafua.

"Andika vizuri kwamba kilichomlinda ni mubirizi," alisema. "Hapa wananicheka. Nataka karatasi."

Wakati wa kuaga alinikamatia tetea wa zawadi. Alimlaza ubavu, akamgeuza kichwa jicho moja likaelekea juu, akavuta ngozi ya jicho kwa kidole gumba. Nilisifu mkono wake mzoefu, nikapanda pikipiki.

Tulirudi kwa njia ile ile, na tetea akataga Biharamulo, ndani ya basi, kwenye mkoba wangu.

Majibu yalipotoka, mkuu alituita. Koo la jogoo wa kijani lilikuwa na mlinzi, tena imara sawasawa na makoo ya bluu. Bonifasi alipiga makofi. Mkuu hakupiga.

"Mlinzi wa namna hii, anayekijua kirusi chenyewe, haletwi na majani," alisema. "Ama jogoo aliugua kideri akapona, ama alitiwa tone. Piga simu."

Nilipiga. "Bibi, yule jogoo aliwahi kuugua?"

"Hata siku moja."

"Alitiwa tone?"

Nilisikia kuku wakilalamika upande wa pili.

"Mwanangu, dawa yangu naiamini. Hata mimi nakunywa. Lakini mchanjaji alipita hapa, na yule jogoo nilikuwa nampenda."

"Sasa kwa nini hukusema, bibi?"

"Na wewe mbona hukusema? Devota ameongea na Bonifasi. Mwenzako anasema kwa kula kuku unamshinda hata yeye."

Yeye ndiye aliyeanza kucheka, nikafuata, tukacheka mpaka mkuu akachungulia mlangoni.

Mubirizi haujapata karatasi yake wala haujanyimwa. Tutaanza upya kwa kuku wapya, na nimeomba nitumwe mimi. Kuhusu virusi nilijifunza kidogo, kuhusu watu nilijifunza zaidi: mimi nilimdanganya bibi, bibi alinidanganya mimi, na kila mmoja alifanya hivyo kwa ajili ya jogoo. Katika safari nzima aliyesema kweli ni jogoo peke yake, naye tulikuwa tumeshamla.